Fundi Asiye na Buku

Kwa aliyetukuta njiani leo, nitaeleza kwa ufupi ili tutembee pamoja. Mimi ndiye Floribert Hakorimana, niliyekuwa karani wa teritwari, ofisi ya wilaya, hapa Masisi. Mwezi wa nne wa mwaka 1953 nyumba yangu ya udongo iliporomoka mchana kweupe, mvua ikinyesha, mke wangu Drocella akiwa ndani na mtoto wetu Colette wa miezi minne. Mtoto hakuguswa. Mama yake alivunjika mkono.

Kesho yake baba mkwe wangu, mzee Sebarenzi, alipanda kutoka Kingi akawachukua wote wawili. Hapo ndipo nilipowaacha, nimesimama juu ya kifusi mikono mitupu, na mzee akiniambia maneno ambayo hadi leo yananitoa jasho.

"Mukwe, miye nilikupa mutoto akae mu nyumba. Sikumupeana ku mulima imumeze. Ukijenga nyumba ya kusimama mbele ya sikukuu ya Mama Maria, mwezi ya munane, nitamurudisha miye mwenyewe na mukono yangu. Ukishindwa, ukuje uchukue ngombe zako. Nitamutafutia bwana mwengine. Na mbele ya ile siku, usikanyage kwangu."

"Papa, hata kumusalimia mutoto?"

"Nyumba kwanza."

Msidhani mzee alikuwa anatisha tu. Binti yake mkubwa, Mukagasana, alimrudisha nyumbani vivyo hivyo, na sasa ana watoto watatu kwa mume wa pili. Yule mume wa kwanza bado namwona sokoni, amekonda, anazungumza peke yake.

Basi nilikuwa na miezi minne na woga. Mtu mwenye woga hachagui fundi, anadaka wa kwanza anayepita. Mimi nilijitahidi nisidake. Nilitazama watatu.

Wa kwanza alikuwa Gustave, fundi wa misheni. Kuta zake zilikuwa zimenyooka hata unaona haya kuziegemea. Nilimkuta juu ya jukwaa la shule mpya ya Mapadri, hakushuka.

"Karani, niko na kazi ya Bapadri mpaka Noeli. Nyuma ya Noeli kuna nyumba ya Bamasista. Andika jina yako, nitakuita."

Noeli, Drocella angekuwa anapika kwa bwana mwengine.

Wa pili alikuja bila kuitwa. Kanyamibwa, ndiye aliyenijengea ile iliyoanguka. Alifika na kamba yake begani, akasimama kwenye kifusi chake mwenyewe, akasifu jinsi bonde linavyoonekana kutoka pale.

"Ile nyumba haikuanguka, karani," akaniambia. "Mulima njo ilianguka. Nyumba ilifuata tu."

Ningecheka, kama mkono wa mke wangu usingekuwa umefungwa vijiti kule Kingi.

Wa tatu nilimwona sokoni, anarekebisha ukuta wa duka. Mtu mrefu, wa miaka arobaini hivi, kofia ya sufu imeshushwa hadi masikioni hata jua likiwaka. Aliniambia anaitwa Straton, ametoka pande za Hombo. Hakuwa na pima maji. Alikuwa na uzi na jiwe dogo, basi, na ukuta wake ulikuwa umenyooka kama wa Gustave.

Nikampeleka kwenye kiwanja. Hakutazama bonde wala hakutazama viatu vyangu. Aliomba beseni la maji. Akalimwaga pale palipokuwa na chumba changu cha kulala, akachuchumaa, akangoja.

"Unaona maji inaenda wapi?"

Maji yalikuwa yamejikusanya, yanateremka kwa mstari mmoja kuelekea chini.

"Hapa njo njia yake," akasema. "Mvua haikukukosea. Weye njo ulilala mu njia ya mwenyewe. Tupande hatua kumi na mbili, tukate mufereji huko juu, nyumba itakaa mpaka bajukuu ya Colette."

Nilikuwa sijamtajia jina la mtoto zaidi ya mara moja. Kwamba alilishika, hilo nalo lilinipendeza. Nikasema moyoni, ni huyu.

Ndipo akaniwekea sharti.

"Miye sijengaka nyumba ya muntu hivi hivi. Najengaka ya ndugu. Tuchanjiane kwanza."

Nilishtuka. Kuchanjiana damu, mimi, niliyekuwa nasoma somo kanisani kila Jumapili ya pili? "Kaka, niko Mukristu."

"Na miye nilibatizwa. Juu ya nini unaogopa? Ukiwa na akili ya kuniuza, tafuta fundi mwengine. Ukiwa hauna, damu haitakufanya kitu."

Hapa ndugu zangu wa mjini watacheka. Na wacheke. Kwetu Kingi mapatano ya damu huitwa igihango, na igihango hakina rafiki. Baba yangu mdogo alimtaja nduguye wa damu mbele ya mahakama ya chifu kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Mwezi haukuisha, tumbo lake likavimba kama la mwanamke wa miezi tisa, akafa anaomba maji. Nilikuwa na miaka minane, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea kibuyu.

Nikapiga moyo konde. Asubuhi iliyofuata, jua linachomoza, tuliketi kwenye kiwanja. Alinichanja chini ya titi kwa wembe, nami nikamchanja. Damu tukaipaka kwenye ndizi ya kuchoma yenye chumvi, kila mmoja akala ya mwenzake.

"Miye Kibira, mwana wa Kibua," akasema. "Nikikuuza, hii damu iniue. Nikiacha kazi yako katikati, hii damu iniue."

Nikarudia: mimi Hakorimana, nikikuuza, damu hii iniue. Kisha nikamwuliza, "Kibira njo nani? Si unaitwa Straton?"

"Straton iko jina ya ubatizo. Damu haiijue."

Niliridhika na jibu hilo. Karani mzima wa serikali, mwenye shahada ya shule, niliridhika.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo lililonifikisha hapa. Wakati ule mtu hakutoka katika eneo la chifu wake bila karatasi ya ruhusa, na kila mtu mzima alibeba buku, kitabu kidogo chenye jina lake, kijiji chake na chifu wake. Mgeni asiye na buku alifungwa, na aliyemlaza alifungwa naye. Nilijua sheria hiyo kuliko sala zangu, kwa sababu daftari la wageni lilikuwa mezani kwangu.

"Buku yangu ilianguka mu mutoni ku Hombo," Straton akaniambia.

"Basi nitakuandika mu daftari."

Nikachovya kalamu. Kwenye safu ya jina nikaandika Straton. Kwenye safu ya uhusiano na mwenye nyumba nikaandika ndugu. Mkubwa. Nikagonga muhuri.

Naapa sikuona kwamba ninadanganya. Alikuwa amekula damu yangu. Kama huyo si ndugu, ndugu ni nani? Lakini daftari lile halikuwa la bibi yangu, lilikuwa la Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, na Bulamatari hajui ndugu asiyetoka tumbo moja.

Kazi ikaanza. Niliuza baiskeli nikanunua mabati. Straton alifyatua matofali mwezi wa tano, akayachoma mwezi wa sita, na mwezi wa saba kuta zikapanda. Nilitoka ofisini kila jioni nikimkuta anaimba, kofia yake masikioni. Watu wa Masisi walipita kuja kutazama. Kanyamibwa naye alikuja, akagusa kona, akaondoka bila neno. Kwa mara ya kwanza tangu mvua ile nililala usingizi.

Mbele yangu zilikuwa zimebaki wiki mbili na paa tu. Ndipo Jumatatu ile ikafika.

Kila Jumatatu Bwana Mkubwa wa teritwari, Mzungu, alikusanya polisi na wajumbe wa machifu uani, nami nikawasomea amri kwa Kiswahili. Kwanza yeye aliisoma barua kwa Kifaransa kwa sauti ya chini, kama kwamba anaionja, kisha akanipa. Siku hiyo barua ilitoka Bukavu.

Nikaifungua, nikaanza kwa sauti yangu ya kanisani. "Anatafutwa mtu anayeitwa Kibira, mzaliwa wa Kibua, Walikale."

Lilikuwa jina la kiapo chetu.

Niliendelea kusoma kimya kwa macho. Alihukumiwa kwa uasi wa dini ya Kitawala wa mwaka wa arobaini na nne. Alipelekwa kambi ya mbali kwa miaka ishirini. Ametoroka mwezi wa pili. Sikio la kushoto limekatwa ncha. Kazi yake, fundi wa matofali. Yeyote atakayempa mahali pa kulala atahukumiwa pamoja naye.

Watu wa Masisi hawahitaji kuelezwa mwaka wa arobaini na nne. Walikale yote ilinuka moshi, na wengine walinyongwa. Hata leo ukitaja Kitawala mtu anaangalia nyuma yake kwanza.

"Karani, umekufa?" Bwana Mkubwa akaniuliza.

"Hapana Bwana. Maandishi ni madogo."

Ningeweza kusoma yote. Ningesoma, ningenyoosha kidole kuelekea mlima wangu, na yote yangeisha. Lakini nililiona tumbo la baba yangu mdogo. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ametoroka kambi. Kazi yake, seremala." Sikio sikulitaja kabisa.

Wajumbe waliitikia, wakatawanyika. Nikageuka niingie ofisini, nikakuta mlangoni amesimama kaporali wa polisi, Nzabandora, mtu mpole, asiyepiga kelele hata anapopiga watu.

"Karani."

"Ndiyo, Kaporali."

"Miye nilisoma mwaka moja tu kwa Bapadri. Unifundishe. Maçon njo seremala?"

Maçon ni fundi wa matofali, na alikuwa amelisikia neno hilo Bwana akisoma. Alitabasamu, akaniambia, "Haizuru. Iko Kifaransa nguvu," kisha akaenda zake.

Laiti angenitukana. Laiti angeniomba mbuzi. Mtu anayekujua na hasemi anachotaka, huyo ndiye anayekula usingizi wako.

Nilipanda mlima nusu nakimbia. Straton alikuwa juu ya ukuta anapima mbao za paa.

"Shuka, Kibira," nikamwambia.

Alisikia jina, akashuka. Nikamsomea barua, yote, polepole, pamoja na sikio. Akavua kofia mwenyewe. Ncha ya sikio haikuwepo.

"Uliua muntu?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Usinidanganye. Nilikula damu yako."

"Nilibajengea nyumba ya sala," akasema. "Balikuja ku Kibua, bakasema beko batu ya Mungu, banataka nyumba kubwa. Sikubauliza kitu. Muntu ananiambia jenga, najenga. Nyuma, basoda na bunduki zabo bakakuja bakauliza, nani alijenga hii? Kila muntu akanionyesha na kidole. Matofali nilijifunza mu kambi, miaka munane, najengea bazungu nyumba zabo."

Akakaa juu ya rundo la matofali, akanitazama.

"Weye ulichagua fundi bila kumuuliza anatoka wapi. Na miye nilichagua mwenye nyumba bila kumuuliza anafanya nini mu nyumba. Tuko sawa, kaka."

"Hatuko sawa. Miye niko na mutoto."

"Juu ya ile njo niko hapa."

"Kimbia," nikamwambia. "Kimbia leo. Pita Kibua, ingia mu pori, hakuna atakayekuona."

Akatikisa kichwa. "Nyumba haina manjanja, bati haijapanda. Mvua ya mwezi ya kenda itaikula. Na bibi yako hatarudi mu nyumba bila kichwa. Nilisema mbele ya damu sitaacha kazi yako katikati. Unataka miye njo nife?"

Hapo ndipo nilipouelewa mtego. Damu ilikuwa imetufunga wote wawili. Mimi siwezi kumtaja, yeye hawezi kuondoka, na kaporali Nzabandora anajua Kifaransa.

Ndugu msomaji, nakiri jambo ambalo hata padri sijamwambia. Siku ya tatu nilishindwa. Niliandika barua kwa mkono wangu mzuri, nikataja jina, kijiji, sikio na mlima. Nilitaka kuishi. Nilitaka mke wangu, na nilijiambia kwamba nyumba bila mabati nitaimalizia mimi, au nitamwangukia Gustave miguuni. Nikaipeleka hadi mlango wa Bwana Mkubwa. Nikabisha. Hakuwepo, alikuwa ameenda kutembelea mashamba ya pareto.

Niliposimama pale na barua mkononi, tumbo likanikata. Nikainama hadi kipaji cha uso kikagusa mlango. Huenda ni mihogo ya jana yake. Huenda. Mimi barua ile niliichana vipande, nikaitupa chooni, na tangu siku hiyo kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilikuwa nalipima tumbo langu kwa kiganja kuona kama limepanda.

Na Nzabandora? Hakufanya lolote. Alipita nyumbani mara mbili, akasifu milango. Mara ya pili alimwuliza Straton, "Fundi, hii kofia haikuunguze?" Straton akajibu, "Baridi ya Masisi, Kaporali." Kaporali akacheka, naye Straton akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi, na ngazi ilikuwa inatetemeka.

Sikukuu ya Mama Maria ikafika. Straton alikuwa amebakiza safu moja ya mabati. Alipanda na nyundo tangu alfajiri, mimi nikaenda Misa, sikupokea komunyo, nikarudi mbio. Makubaliano yetu yalikuwa haya: mzee Sebarenzi akishaona nyumba na kumwacha Drocella, Straton ashuke kupitia nyuma, aingie shambani kwa watu, aende. Kazi imekwisha, damu imeridhika, kila mtu na bahati yake.

Saa tano niliwaona wanapanda kutoka Kingi. Mbele mzee Sebarenzi na koti lake la Misa. Nyuma yake Drocella, mkono umepona, Colette mgongoni. Alipoona bati linang'aa alisimama njiani. Kisha akaanza kupanda kwa haraka, akampita baba yake.

"Papa Colette," akaniambia, na hakuweza kuendelea. Aligusa ukuta. Akaingia, akatoka, akaingia tena. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Sebarenzi aliizunguka nyumba mara moja, akaufuata mfereji hadi unapoishia, akarudi.

"Mukwe, hii iko nyumba," akasema.

Kama dunia ingesimama hapo, ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wa Masisi. Lakini nyuma ya mgongo wa mzee nilimwona Bwana Mkubwa wa teritwari anapanda kwa miguu, kofia yake nyeupe mkononi. Kaporali Nzabandora alikuwa pamoja naye. Kwapani amebeba daftari langu la wageni, na kiunoni amening'iniza kamba.

Nyundo juu ya paa ikanyamaza.

"Karani," Bwana Mkubwa akasema. "Nyumba muzuri. Fundi iko nani?"

"Ni ndugu yangu, Bwana."

Akafungua daftari. "Ndiyo, hapa umeandika. Baba moja, mama moja?"

Hakungoja nijibu. Akamgeukia Sebarenzi.

"Wewe, muzee. Unajua jamaa ya huyu. Karani iko na ndugu mukubwa?"

Sebarenzi alipokea ng'ombe wa mahari katika uwanja wa baba yangu. Anajua mimi ni mwana wa kwanza, na wa pekee. Na ni mtu ambaye siku ile ile alikuwa ametoka kupokea komunyo.

"Bwana," mzee akaanza polepole, "leo iko siku ya Mama Maria, siwezi kusema uongo..."

"Papa aliniolesha tu," Drocella akamkata. Alikuwa ametoka mlangoni, anamtikisa mtoto mgongoni kana kwamba hakuna lolote. "Miye njo nilikaa kwabo. Huyu njo shemeji yangu mukubwa. Alikuwa ku Walikale mu kazi ya kuchimba mine wakati ya ndoa. Papa hamujue."

Hakuwa amewahi kumwona Straton hata siku moja. Alikuwa ameona kamba, akaona uso wangu, akaelewa. Ndivyo alivyo. Nilitaka kumfunika mdomo, kwa sababu sasa kosa lilikuwa la wawili, na mtoto akiwa mgongoni.

Bwana Mkubwa alifunga daftari, kidole chake ndani. "Vizuri, Mama. Usiangalie bwana yako. Shemeji yako anaitwa nani?"

Jina hilo hakulijua. Drocella hakupepesa macho.

"Bwana, kwetu bibi hatajaka jina ya shemeji mukubwa ya bwana yake. Iko muiko. Uliza Papa kama nasema uongo."

"Iko kweli?"

"Iko kweli, Bwana," Sebarenzi akajibu, na sauti yake ilikuwa nyepesi, maana hilo lilikuwa kweli kabisa. "Hata mama yake hatajaka jina ya bakubwa ya kwangu."

Kaporali Nzabandora alitazama chini. Nadhani alikuwa anatabasamu. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili niliamini tumepona.

"Nimesikia," Bwana Mkubwa akasema. "Mimi si mubaya. Bukavu inatuma muntu mwenye anajua uso ya ile Kibira. Sikio ya kukatwa peke haitoshi. Siku tatu, anafika. Siku tatu fundi atalala kwangu, ndani. Kama ni ndugu yako, nitamurudisha, nitakuomba anijengee na mimi. Muntu bila kosa haogopi siku tatu."

Akamwashiria kaporali. Nzabandora akaifungua kamba kiunoni, akasogea kuelekea ngazi. Bwana Mkubwa akamzuia kwa mkono.

"Hapana. Wewe Kaporali, ngoja. Karani njo atamufunga."

Kamba ikawekwa mkononi mwangu. Ilikuwa ya mkonge, mpya. Nilijua maana ya jambo lile, naye alijua. Nikikataa, nimekiri, na Drocella amekiri pamoja nami. Nikifunga, nimemtoa ndugu yangu wa damu kwa mkono wangu mwenyewe.

Straton aliteremka ngazi bila haraka. Alichomoa misumari miwili iliyobaki mdomoni, akaiweka dirishani. Akavua kofia ya sufu. Kisha akasimama mbele yangu, akaweka mikono yake pamoja.

"Funga, kaka," akaniambia kwa sauti ndogo. "Nyumba imeisha."

Tumbo likanikata palepale. Nilitazama nyuma. Drocella alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamtoka, ananiambia nisifunge. Hatua moja nyuma yake baba yake alikuwa ananiitikia kwa kichwa nifunge, na tayari alikuwa amemshika binti yake mkono, ule uliovunjika, kama mtu anayejiandaa kurudi Kingi.

Mikono yangu ikaanza kuikunjua kamba ili ifunge.